Uko chuoni na unaitaka kazi ya maabara ya saikolojia? Anza hivi

Usisubiri mwaka wa mwisho. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Kanada, kazi za kila siku za maabara za saikolojia hufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wao ndio wanaopokea washiriki, wanaoendesha majaribio, wanaoingiza data, na wanaotazama video kwa saa nzima kuhesabu mtoto ametabasamu mara ngapi. Kama umetoka Arusha, Mombasa au Bujumbura ukaenda kusoma huko, nafasi hiyo ni yako pia. Wala huhitaji kuwa bingwa wa takwimu ili uipate.

Weka jambo moja kichwani kabla ya mengine yote. Maabara haikutafuti kwa sababu una akili nyingi. Inatafuta mtu ambaye data alizozikusanya zinaweza kuaminiwa: anafika saa aliyosema, anafuata maelekezo neno kwa neno, na kitu kikiharibika anasema siku hiyohiyo. Ukiwa mtu huyo, mengine utafundishwa.

Kupata nafasi

Fungua tovuti ya idara yako usome ukurasa wa kila maabara. Chagua tatu au nne ambazo kazi yake inakuvutia kweli. Kisha soma makala moja ya karibuni ya kila profesa uliyemchagua. Usihangaike na majedwali. Soma muhtasari, utangulizi na sehemu inayoeleza walichofanya. Inatosha kwa kuanzia.

Andika barua pepe fupi. Jitambulishe, sema uko mwaka gani, ni nini kwenye makala yao kilichokugusa, una saa ngapi kwa wiki, na unaweza kukaa kwa muda gani. Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja. Usitume barua ileile kwa maprofesa kumi. Wanaijua wakisoma mstari wa kwanza.

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi: "Nimesoma makala yenu kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza kusubiri. Nimelelewa katika nyumba yenye watoto wengi, nikajiuliza kama matokeo yangebadilika mtoto akisubiri pamoja na ndugu zake. Nina saa nane kwa wiki na ningependa kukaa mwaka mzima." Sentensi tatu tu. Zinaonyesha umesoma, umefikiri, na hutaondoka baada ya mwezi.

Hilo la kukaa mwaka lina uzito kuliko unavyodhani. Kukufundisha kunachukua wiki kadhaa za muda wa mtu mwingine. Ukiondoka baada ya muhula mmoja, maabara imepata hasara. Ndiyo maana nyingi zinataka uahidi mihula miwili.

Barua ianze na "Professor" na jina la ukoo. Wengi watakujibu wakitaka uwaite kwa jina la kwanza. Ukiambiwa hivyo, fuata, hata kama ulimi unakuwa mzito. Kwao si utovu wa adabu.

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja. Ukimya ukiendelea, mwandikie mratibu wa maabara au mwanafunzi wa uzamivu anayefanya kazi hapo. Mara nyingi hao ndio wanaochagua wasaidizi.

Ukiitwa kwenye usaili, na wewe uliza. Nani atanisimamia siku hadi siku? Muhula wa kwanza nitafanya nini hasa? Nitaruhusiwa kuhudhuria vikao vya maabara? Je, nitalipwa, nitapata krediti za somo, au najitolea? Maabara nzuri inajibu maswali haya bila kusitasita.

Kama uko Marekani kwa visa ya mwanafunzi ya F-1, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujakubali malipo yoyote. Kazi ya ndani ya chuo inaruhusiwa, lakini wakati wa masomo haizidi saa 20 kwa wiki kwa kazi zako zote zikijumlishwa. Ukifanya saa 12 maktaba, maabara haiwezi kukulipa zaidi ya nane. Wala usijitie moyo kwamba hakuna atakayejua. Visa yako ina thamani kuliko posho ya wiki moja.

Jambo jingine la pesa. Programu za utafiti za kiangazi zinazoitwa REU, zinazogharimiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, zinalipia raia na wakazi wa kudumu. Ukiwa na visa ya mwanafunzi, usipoteze jioni zako kuziomba. Uliza kama chuo chako kina mfuko wake wa utafiti wa wanafunzi. Vyuo vingi vinao, na pesa hizo mara nyingi haziangalii pasipoti.

Kabla hujamgusa mshiriki

Utapewa mafunzo ya maadili ya utafiti, kwa kawaida kwenye kompyuta. Vyuo vingi vya Marekani hutumia kozi za CITI. Usibonyeze tu "endelea, endelea" ili upate cheti. Soma. Kanuni hizo zimeandikwa kwa machozi ya watu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana. Hawakuambiwa ukweli. Baada ya aibu hiyo ndipo ikaja Ripoti ya Belmont ya 1979, inayodai mambo matatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema, na kugawa mizigo na faida za utafiti kwa haki.

Hakikisha jina lako limeingizwa kwenye kibali cha maadili cha utafiti huo kabla hujakaa na mshiriki. Uliza waziwazi: "Je, nimeshaongezwa?" Bila hivyo, unaweza kuharibu kazi ya miezi bila kujua.

Fomu ya ridhaa si karatasi ya kusainisha haraka. Mpe mshiriki muda aisome. Mwambie kwa sauti yako kwamba anaweza kuacha wakati wowote na hataadhibiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja kutafuta krediti anaweza kukuona wewe kama mkubwa wake. Kwa hiyo liseme hilo taratibu, ukimtazama.

Majina na data havikai faili moja. Mshiriki ana namba, na orodha inayounganisha namba na jina inawekwa mahali pake penye ulinzi. Usipige picha skrini ya maabara. Usipeleke video kwenye simu yako. Usisimulie kantini eti "leo kuna jamaa alilia," hata bila kumtaja. Na kama mshiriki ni rafiki yako au mtu mnayeishi naye, mwombe mwenzako ampokee.

Kuendesha kipindi

Kwanza, fanya jaribio lote wewe mwenyewe kama mshiriki, tangu mwanzo hadi mwisho. Utajua wapi panachosha, wapi maelekezo yanachanganya, na wapi kompyuta inachelewa.

Fika nusu saa kabla. Washa kompyuta, fungua programu, angalia sauti, weka fomu mezani, zima simu yako. Andika namba ya mshiriki kabla hajaingia. Namba iliyokosewa ni ugonjwa mbaya kuliko mengi kwenye maabara, kwa sababu huonekana baada ya miezi, wakati hakuna anayekumbuka.

Utapewa skripti. Isome kama ilivyo, kila mara, kwa sauti ileile. Usiongeze maneno ya kumchangamsha huyu kwa sababu amependeza na kumnyima yule kwa sababu umechoka. Mazungumzo ya kawaida yabaki mlangoni, kabla na baada.

Kwa nini ukali wote huu? Mwaka 1907, Oskar Pfungst alieleza kisa cha farasi wa Berlin aliyeitwa Hans. Watu waliamini anajua hesabu. Ukimuuliza, alipiga kwato hadi afikie jibu. Pfungst aligundua kwamba farasi alikuwa anasoma mwili wa muulizaji: kichwa kilichoinama, kisha kikainuka kidogo sana jibu lilipofikiwa. Muulizaji mwenyewe hakujua anafanya hivyo. Miaka ya 1960, Robert Rosenthal na Kermit Fode wakawapa wanafunzi panya wa kawaida, wakawaambia baadhi kwamba panya wao ni werevu na wengine kwamba panya wao ni wazito. Panya walioitwa werevu walifanya vizuri zaidi kwenye mzingile wa vijia. Kilichotofautiana kilikuwa matarajio ya wanafunzi waliowashika.

Wanafunzi hao walikuwa kwenye nafasi yako hasa. Kwa hiyo, kama utafiti unaruhusu, omba usijue mshiriki yuko kundi gani. Na kama unajua, shikilia skripti zaidi.

Mshiriki akikuuliza katikati, "Hivi mnatafuta nini hasa?", jibu: "Nitakueleza yote tukimaliza." Kisha timiza ahadi. Maelezo ya mwisho ni haki yake, hasa kama kulikuwa na jambo alilofichwa.

Mshiriki akianza kulia, akitetemeka au akionekana kuumia, simamisha. Usimalizie maswali mawili yaliyobaki. Mwite msimamizi wako na mpe mshiriki namba ya huduma ya ushauri ya chuo. Wewe si mtaalamu wa tiba, na hupaswi kujifanya. Kaa naye tu mpaka msaada ufike.

Weka daftari la kipindi. Tarehe, saa, namba ya mshiriki, na kila kitu kisicho cha kawaida: king'ora cha moto kililia, mshiriki alisema hakulala, skrini iliganda kwa dakika moja. Andika palepale, si jioni. Usiamue mwenyewe kwamba data za mtu "hazifai" ukazifuta. Kazi yako ni kuandika kilichotokea. Uamuzi ni wa wengine.

Na ukikosea, kwa mfano ukampa mtu toleo lisilo lake, sema leo. Mwandikie mratibu: nini kimetokea, saa ngapi, mshiriki namba gani. Kosa lililosemwa siku hiyo linarekebishwa kwa mstari mmoja kwenye daftari. Lililofichwa linaweza kuingia kwenye makala iliyochapishwa. Mwaka 2015, kundi la watafiti wengi lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Tafiti za awali zilikuwa na matokeo ya wazi kitakwimu kwa asilimia 97, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Sababu ni nyingi. Tangu hapo, maabara makini zinaangalia kila hatua, pamoja na yako.

Kwenye nywele, usinyamaze

Maabara nyingi hupima umeme wa ubongo kwa kofia ya EEG. Elektrodi lazima ziguse ngozi ya kichwa, na jeli hupakwa katikati ya nywele. Kofia hizo zilitengenezwa kwa kuzingatia nywele laini. Mtu mwenye nywele za kipilipili au aliyesuka huambiwa tu kwamba hafai, au hata haitwi. Matokeo yake, watu weusi wanakosekana kwenye data, halafu matokeo yanaitwa ya binadamu wote.

Wewe unajua kusuka, au umekua ukiona watu wakisukana barazani. Huo ni ujuzi. Arnelle Etienne alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alipoanza kushiriki kubuni elektrodi zinazobanwa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Wazo lake lilitoka kwenye mtindo wa kusuka ambao dada yako anaufanya Jumamosi. Kwa lugha ya kwetu, ni twende kilioni iliyopangwa kufuata alama za kichwa.

Kwa hiyo, ukiona mshiriki anarudishwa kwa sababu ya nywele, uliza kwa heshima: tunaweza kumpa maelekezo ya namna ya kusuka kabla hajaja? Tunaweza kumtengea muda zaidi? Maabara yetu inaandika ni wangapi wamerudishwa kwa sababu hiyo? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuuliza hayo. Na wakati mwingine ni yeye pekee atakayeuliza.

Video, data na lugha yako

Huenda ukapewa kazi ya kuainisha tabia kwenye video. Kazi hii ina ukoo mzuri, na sehemu ya ukoo huo iko kwetu. Kati ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth alitembelea nyumba za akina mama wa Kiganda karibu na Kampala, akiandika jinsi watoto wachanga wanavyowafuata mama zao na wanavyolia wakiachwa. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka 1967. Kazi hiyo ndiyo iliyomwandalia njia kwenye jaribio lake maarufu la Baltimore, la mtoto, mama na mgeni, ambalo maabara nyingi bado hulitumia.

Unapoainisha, usijadili kipande cha video na mwenzako kabla nyote hamjamaliza. Maabara hulinganisha alama zenu kwa kipimo cha kappa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Moja maana yake mmekubaliana kabisa, sifuri maana yake mmekubaliana kama ambavyo bahati ingewakubalisha. Mkinong'onezana, kipimo kinadanganya. Pumzika mara kwa mara, maana macho yaliyochoka huona tabasamu pasipo tabasamu.

Kwenye data, faili la asili halihaririwi kamwe. Fanya nakala, ipe jina lenye tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na ufanyie kazi nakala hiyo. Ukirekebisha kitu, andika ulichorekebisha na kwa nini.

Jifunze R, programu ya takwimu, likizo ya kwanza. Ni bure. Ukiweza kufungua data, kuzisafisha na kuchora grafu moja, tayari wewe ni msaada mkubwa. Kwa kutengeneza majaribio, jaribu PsychoPy, nayo ni bure.

Kisha kuna Kiswahili chako. Marekani imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Watafiti wa afya ya akili wanahitaji dodoso ambazo wakimbizi hao wanaweza kuzielewa. Jitokeze, lakini usifanye peke yako. Omba utaratibu wa tafsiri ya kurudi: wewe unatafsiri kwa Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaona asili anarudisha kwa Kiingereza, kisha mnalinganisha. Mpe pia msemaji wa Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi aisome, maana cha Dar hakitoshi. Na kazi hiyo itambuliwe: ulipwe au jina lako litajwe. Usiifanye kama fadhila ya njiani.

Kama unasoma Kenya au Tanzania, njia ni tofauti kidogo. Nafasi nyingi huja kupitia miradi ya utafiti, na utakuwa mkusanyaji wa data nje, majumbani mwa watu. Nairobi kuna kituo cha Busara kinachofanya majaribio ya tabia na maamuzi. Kabla hujaenda popote na dodoso, hakikisha mradi una kibali cha tume ya sayansi ya nchi: NACOSTI kwa Kenya au COSTECH kwa Tanzania. Beba nakala yake. Mwenyekiti wa mtaa ataiuliza.

Kukua hapohapo

Hudhuria vikao vya maabara hata kama hulazimishwi. Soma makala ya wiki na uje na swali moja. Sisi tumefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Kule Marekani na Kanada ukimya wako unaweza kusomwa kama huna la kusema. Uliza tu, "Kwa nini tulichagua kipimo hiki?" Hakuna atakayekuona umekosa heshima.

Sema mapema wiki zako za mitihani. Mratibu anaweza kupanga upya ratiba ya wiki ijayo. Ya kesho asubuhi hawezi.

Baada ya muhula mmoja, omba kidogo zaidi. Unataka kutayarisha bango la mkutano wa chuo? Unataka kuandika tasnifu yako kwa data za maabara? Sema. Kuhusu jina lako kwenye makala, uliza mwanzoni mwa mradi: "Mchango gani hapa unamfanya mtu awe mwandishi?" Kuendesha vipindi peke yake kwa kawaida hupata shukrani tu. Kuchangia ubunifu, uchambuzi au uandishi ndiko kunakokupa nafasi ya kutajwa.

Ukiombwa kubadilisha namba, kusaini fomu kwa niaba ya mtu, au kumfulia profesa nguo, hiyo si kazi ya maabara. Nenda kwa mshauri wa idara. Likiwa la kubadilisha data, nenda ofisi ya maadili ya utafiti. Weka ujumbe wote.

Kila Ijumaa andika ulichofanya wiki hiyo. Utakapotengeneza wasifu hutaandika "nilisaidia maabara." Utaandika kwamba uliendesha vipindi kadha vya EEG, uliainisha saa kadha za video, ulisafisha data kwa R. Orodha hiyohiyo mpe profesa unapoomba barua ya mapendekezo, pamoja na wasifu na tarehe za mwisho, angalau mwezi mmoja kabla. Na uombe kwa profesa aliyekuona ukifanya kazi mwaka mzima. Yule aliyekufundisha kwenye ukumbi wa watu mia tatu, hata kama ulipata A, hana cha kuandika.